Kuomba nafasi mahakamani mapema: maswali ya wanafunzi wa sheria wa Malindi na Lamu

Likizo ndefu ikikaribia, maswali huwa ni yale yale: niandikie nani, niandike lini, na je, nikiwa hata shahada sijamaliza nitapokelewa? Majibu haya ni ya mwanafunzi wa shahada ya sheria, wa chuo chochote, anayetaka kufanya atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini, katika mahakama za Malindi au Lamu, hasa yule mwenye nia ya kuja kuwa mtafiti wa sheria wa jaji siku moja.

Niko mwaka wa pili. Jaji anaweza kunichukua niwe mtafiti wake?

Hapana, si sasa. Hapa Kenya utafiti wa sheria kwa jaji ni ajira. Nafasi hutangazwa na Tume ya Huduma za Mahakama, JSC, na wanaotafutwa ni watu waliokwisha kuhitimu. Njia ya kufika huko ni ndefu: shahada ya miaka minne, kisha Chuo cha Sheria cha Kenya pale Karen, Nairobi, ambako kuna mitihani na miezi sita ya unagenzi chini ya wakili mzoefu, ndipo unapoapishwa kuwa wakili mbele ya Jaji Mkuu. Kila tangazo husema linataka mtu wa ngazi gani. Lisome lenyewe, usitegemee maneno ya mwenzako wa bweni.

Kilicho wazi kwako leo ni atachimenti. Usiidharau. Mtu anayeomba kazi ya utafiti akiwa tayari anajua faili la mahakama linavyofunguliwa, linavyopotea na linavyopatikana, huandika barua tofauti kabisa na ya yule aliyeiona mahakama kwenye televisheni tu.

Huyo mtafiti wa jaji hufanya nini hasa?

Husoma. Anasoma hati za pande zote, anahakikisha kwamba kesi zilizotajwa na mawakili zipo kweli na zinasema kile wanachodai zinasema, anatafuta zile ambazo hawakuzitaja, kisha anamwandikia jaji muhtasari. Uamuzi ni wa jaji peke yake. Asiyependa kukaa na karatasi saa nyingi bila mtu wa kuongea naye atafute tawi jingine la sheria.

“Mapema” ni lini?

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo tukae kidogo.

Mwanafunzi wa kawaida hufikiri likizo yake inaanza Mei, basi aandike barua Aprili. Kwa kituo kidogo umechelewa. Tatizo si kwamba kuna foleni ya watu mia. Viti ni vichache, na karatasi zako zenyewe hazijakamilika. Cheti cha tabia njema huombwa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha unachukuliwa alama za vidole, halafu unasubiri DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Huweza kuchukua wiki kadhaa. Barua ya utambulisho inatoka kwa chuo, na chuo nacho kina karani mmoja na wanafunzi wote wanaidai wiki moja. Kwa anayetaka kuanza Mei, hesabu nzuri ni kushughulikia cheti Januari, kudai barua ya chuo mwanzo wa Februari, na kuwasilisha maombi kabla Februari haijaisha.

Kuna jambo la pili ambalo halisemwi sana. Mahakama Kuu huenda likizo kuanzia tarehe 1 Agosti hadi 15 Septemba, na tena kuanzia 21 Disemba hadi 13 Januari. Katika siku hizo mambo ya dharura bado husikizwa, lakini usikilizaji wa kawaida husimama. Sasa fikiria mwanafunzi aliyeomba Mahakama Kuu kwa mwezi wa Agosti wote. Atapata cheti cha kuhudhuria na atajifunza kupanga mafaili kwa tarakimu. Mahakama za mahakimu hazifuati likizo hiyo, kesi huendelea. Kwa hiyo, kama likizo yako ni Mei hadi Agosti na umepangiwa Mahakama Kuu, miezi ya kupigania ni Mei, Juni na Julai. Kama ni Agosti tu uliyo nayo, nenda kwa hakimu na utashukuru.

Mapema mno nako kuna hasara yake. Barua iliyoandikwa mwaka mzima kabla huwekwa mahali, afisa anahamishwa, na anayechukua nafasi yake haijui. Miezi mitatu au minne inatosha.

Niombe kwa jaji au kwa hakimu?

Kwa mara ya kwanza, hakimu. Najua jina la jaji linapendeza kwenye wasifu. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa pili akiketi Mahakama Kuu atasikia mabishano ya rufaa ambayo mwanzo wake hakuuona. Kwa hakimu ataona asubuhi moja mshtakiwa akisomewa mashtaka, dhamana ikibishaniwa, shahidi akihojiwa na wakili mkali, na mchana madai ya ajali ya barabarani. Na usidhani kwa hakimu ni mambo madogo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015 inamruhusu hakimu mkuu kusikiliza madai ya hadi shilingi milioni 20, na hakimu mkaazi hadi milioni 5.

Ukishafanya hivyo, likizo inayofuata omba Mahakama Kuu au Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Hapo utakuwa unaelewa unachokitazama.

Malindi au Lamu?

Malindi ina mambo mengi chini ya anga moja: mahakimu, kadhi, Mahakama Kuu, Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mahakama ya Rufaa nayo imewahi kukaa hapa na kutoa maamuzi yanayotajwa nchi nzima. Anayependa sheria ya ardhi hana haja ya kwenda mbali: maskwota, wenye mashamba wasioonekana, hati zilizotokana na Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, viwanja vya ufuoni vilivyouzwa mara mbili. Haya huko chuoni ni sura ya kitabu. Hapa ni watu wamekaa kwenye benchi nje ya ukumbi wakisubiri kuitwa.

Lamu ni kituo kidogo, na hilo ndilo zuri lake. Hakimu atakujua kwa jina kufikia wiki ya pili. Utapewa kazi kwa sababu hakuna mwingine wa kupewa. Kwa asiye mwenyeji, apange malazi kabla ya kuanza safari: ukitoka Malindi ni basi kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha boti hadi Amu, yaani mji wa Lamu. Ukitaka kukaa Mokowe kwa sababu ni rahisi zaidi, kumbuka kila asubuhi utakuwa unategemea boti, na korti haikungoji. Wiki ya Maulidi vyumba mjini ni taabu.

Mwanafunzi mwenye likizo mbili, mimi ningemwambia aanzie Lamu, amalizie Malindi.

Na Mahakama ya Kadhi? Mbona hakuna anayeiomba?

Kwa sababu wanafunzi hudhani ni ya wenye elimu ya dini tu. Kwa kadhi mwenyewe, ndiyo, Katiba inataka awe Mwislamu mwenye ujuzi wa sheria ya Kiislamu. Kwa mwanafunzi anayejifunza ni jambo jingine: uliza kituo, eleza nia yako, wasikilize watakavyokujibu.

Ibara ya 170 ya Katiba inaipa mahakama hii mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kusikizwa hapo. Mizizi yake ni ya zamani kuliko Kenya yenyewe. Mwaka 1963, ukanda wa pwani uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar ulipounganishwa na Kenya, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, waliandikiana kwamba mahakama za makadhi zitabaki. Rufaa zake huenda Mahakama Kuu. Yaani jaji anayesikiliza rufaa ya mirathi kutoka Lamu anahitaji mtafiti anayejua hesabu ya thuluthi na thumuni, na pia anayejua Sheria ya Urithi ya Kenya inasema nini kuhusu Waislamu. Watafiti wa namna hiyo hawajajaa. Ukitafuta jambo la kukutofautisha na wenzako wa Nairobi, hili hapa, na liko mlangoni kwenu.

Karatasi gani zinahitajika?

Kwa kawaida: barua yako ya maombi, wasifu, barua ya utambulisho ya chuo, nakala ya kitambulisho, cheti cha tabia njema, na bima ya ajali ya kibinafsi ya muda wa atachimenti. Baadhi ya vituo hutaka pia nakala ya matokeo ya mitihani. Bima ndiyo husahauliwa. Uliza chuo kwanza kama kina bima ya pamoja kabla ya kununua yako. Na kama Idara ya Mahakama imetoa tangazo la jumla kwenye tovuti yake, fuata tangazo, hata kama kituo kilikuambia vingine mwaka jana.

Barua nimwandikie nani? Namjua jaji mmoja kwa jina.

Andikia ofisi. Majaji na mahakimu huhamishwa, na barua iliyoandikwa kwa jina la aliyekwenda Kisumu humfuata Kisumu au huishia kwenye droo. Kwa ngazi ya mahakimu andika kwa mkuu wa kituo. Kwa Mahakama Kuu, kwa naibu msajili wa kituo hicho. Peleka mwenyewe masjala ikiwa unaweza, ipigwe muhuri nakala yako, na baada ya wiki mbili rudi uulize kwa upole. Upole ni pamoja na kuamkia. Karani wa masjala aliyekaa hapo miaka ishirini ndiye anayejua barua yako iko wapi. Mwambie “Shikamoo mama” kabla ya kumwambia shida yako.

Barua iandikwe vipi?

Ukurasa mmoja. Sema wewe ni nani, chuo gani, mwaka gani, unaomba kuanzia tarehe gani hadi gani, na kwa nini kituo hicho. Hapo pa mwisho ndipo penye uzito. “Nina shauku kubwa ya haki” imeandikwa na kila mtu. “Nimesoma somo la ardhi muhula uliopita na ningependa kuona maombi ya umiliki kwa kukaa muda mrefu yanavyosikizwa Malindi” imeandikwa na mmoja. Taja pia lugha unazozijua.

Andika kwa Kiingereza au Kiswahili? Katiba inazitambua zote mbili kuwa lugha rasmi, lakini ofisini barua hizi huandikwa kwa Kiingereza, na huna sababu ya kupigana vita hivyo kwenye karatasi ya maombi.

Nimeambiwa niambatanishe sampuli ya uandishi. Sina.

Basi itengeneze, ni kazi ya wikendi mbili. Maamuzi ya mahakama zetu yanapatikana bila malipo kwenye tovuti ya Kenya Law. Chagua moja, liandikie muhtasari wa kurasa mbili: mambo yaliyotokea, swali la kisheria, mahakama ilivyojibu, sababu zake, na aya moja yako ya maoni.

Anza na Mtana Lewa dhidi ya Kahindi Ngala Mwagandi, uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ya Malindi wa 2015. Sheria ya Ukomo wa Madai inampa mtu aliyekaa kwenye ardhi ya mwingine kwa miaka 12, waziwazi na bila ruhusa, nafasi ya kuomba aandikishwe kuwa mwenyewe. Swali lilikuwa: je, jambo hilo linasimama mbele ya Katiba ya 2010 inayolinda haki ya kumiliki mali? Mahakama ikasema linasimama. Hapo una sheria, una Katiba, na una hali ambayo kila nyumba ya Kilifi inaijua. Ukitaka ya Lamu, soma kesi ya Mohamed Ali Baadi na wenzake, iliyoamuliwa 2018, kuhusu wavuvi na bandari ya Lamu iliyo chini ya LAPSSET, mradi mkubwa wa bandari na barabara. Ni ndefu, majaji watano. Chukua kipande kimoja tu, kwa mfano haki ya wananchi kushirikishwa. Au uamuzi wa Baraza la Mazingira wa Juni 2019 uliofuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha Lamu.

Aya ya maoni isiwe ya kusifu. Anayeisoma anataka kuona kama unaweza kusema “sababu hii ya tatu ni dhaifu, kwa hili na hili” bila kuvunja heshima. Na iwe kazi yako. Sampuli iliyotungwa na programu ya kompyuta hutaja kesi zisizokuwepo, na mtafiti wa jaji anayetaja kesi isiyokuwepo hana kazi tena.

Mjomba wangu anamjua mtu pale kortini. Nimtumie?

Mjomba akuulizie kama barua imefika, si vibaya. Mjomba akuingize wakati wenye karatasi wameachwa nje, hapo umeanza kazi ya haki kwa dhuluma, na katika mji huu litajulikana kabla ya Ijumaa.

Nikiwa pale, jamaa zangu wana kesi. Itakuwaje?

Itatokea. Malindi na Lamu ni miji ya ndugu. Ukiona kwenye orodha ya siku jina la ami yako, la mwenye nyumba mnayopanga, au la mtu mnayegombea naye mpaka wa shamba, mwambie msimamizi wako kabla faili halijafunguliwa. Sema tu: “Mheshimiwa, huyu ni jamaa yangu.” Utaondolewa kwenye faili hilo na mambo yataendelea. Ukinyamaza na upande wa pili ukagundua, uamuzi wa hakimu wa watu unaweza kupingwa kwa sababu yako.

Lililo gumu zaidi ni nyumbani. Jioni kwenye baraza utaulizwa: “Kesi ya fulani imefika wapi?” Wanaouliza ni wakubwa wako, na kukataa kujibu kunaonekana kiburi. Jibu ni moja: “Ami, mambo ya korti siruhusiwi kuyatoa.” Rudia mpaka wazoee. Mashauri ya watoto na ya makosa ya kingono yana ulinzi mkali wa sheria. Kutaja hata mtaa wa mtoto kunatosha kumtambulisha katika mji wa watu wanaojuana. Kesi ya Shakahola, ya vifo vya waumini wa dhehebu moja msituni, ilipofikishwa Malindi mwaka 2023, waandishi wa habari kutoka duniani kote walikuwa nje ya mahakama wakitafuta mtu yeyote wa kuzungumza. Mtu wa atachimenti si “yeyote” huyo. Usipige picha faili, usiweke chochote kwenye statasi.

Na kuna la pesa. Mtu atakuja na noti ya mia mbili akuombe umtafutie faili lake haraka. Ataiita chai. Sheria ya Rushwa ya 2016 haiiiti chai. Mwelekeze masjala, mfuate karani naye, umsaidie bure. Wengi wanaotoa hiyo noti hawana nia mbaya. Hawajawahi kusaidiwa na mtu bila kutoa.

Najua Kigiriama na Kibajuni. Zitanisaidia?

Sana, kwa kiasi chake. Kumbukumbu za Mahakama Kuu huandikwa kwa Kiingereza. Mahakama za chini zinaweza kutumia Kiingereza au Kiswahili. Na mshtakiwa ana haki ya kutafsiriwa kwa lugha anayoielewa. Wewe utasikia shahidi alichosema kabla mkalimani hajasema, na utaandika vizuri zaidi. Lakini usiingilie ukalimani ukiwa umekaa nyuma. Ukisikia tafsiri imekosewa, andika kijikaratasi, mpe karani wa ukumbi.

Nivae nini kwenye joto hili?

Suti ya rangi iliyokoza, kitambaa chepesi. Buibui na mtandio havina tatizo. Viatu vya kufunika vidole, hata Lamu.

Nitalipwa?

Kwa atachimenti, usitarajie. Panga nauli na chakula kana kwamba hakuna kitu. Mafunzo ya waliohitimu ndiyo huwa na posho, na hayo ni maombi mengine kabisa.

Mtandaoni nimeona wanafunzi wa Marekani wanaomba kazi kwa majaji wakiwa bado chuoni. Mbona sisi hatuwezi?

Mfumo wao umejengwa hivyo. Kule sheria husomwa kwa miaka mitatu baada ya shahada ya kwanza, na majaji wa mahakama za shirikisho huchukua wahitimu wapya wawafanyie kazi, mara nyingi kwa mwaka mmoja au miwili. Kwa sababu majaji walikuwa wakishindana kuwanyakua wanafunzi mapema mno, kuna mpango wa hiari unaowataka wasipokee maombi hadi Juni baada ya mwaka wa pili. Baadhi ya majaji hawaufuati. Ushauri wa kule, kama kutuma barua kwa majaji hamsini kwa mpigo, ukiufuata hapa utajichekesha.

Ukitaka kutazama nje, tazama karibu. Arusha kuna Mahakama ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na zote huchukua wanafunzi na wahitimu kwa mafunzo. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini hupokea watafiti kutoka nchi nyingine, baada ya shahada.

Nikikosa nafasi?

Kumbi za mahakama ziko wazi kwa umma isipokuwa mashauri yaliyofungwa kwa amri. Ingia, kaa nyuma, zima simu, andika. Fanya hivyo wiki mbili mfululizo kwa hakimu yule yule na mtu atakuuliza wewe ni nani. Jibu lako liwe tayari, na nakala ya barua yako iwe mkobani. Ofisi za mawakili mjini nazo huhitaji mikono, na wakili anayefika kortini kila siku ni mwalimu mzuri.

Barua ya mapendekezo niiombe lini?

Wiki ya mwisho, kabla hujaondoka, ukiwa na orodha ya ulichofanya: mihtasari mingapi, kesi za aina gani, siku ulizohudhuria. Wanafunzi wengi watapita mikononi mwa msimamizi wako, na huenda atahamishwa kabla hujamaliza Karen. Mwombe aiandike sasa, itiwe muhuri wa kituo, na hifadhi nakala mahali pawili.